German Shepherd jike wa miezi 16: nimzalishe au nimfunge kizazi?

Kibo_Njiro (Arusha)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa watu wanaoijua hii kazi.

Nina German Shepherd jike, miezi 16, kilo 28. Chanjo zote anazo pamoja na ya kichaa cha mbwa, na dawa ya minyoo anapata kila miezi mitatu. Joto la kwanza (kipindi cha kutaka dume) aliliona akiwa na miezi 9, la pili limekatika wiki mbili zilizopita. Hana makaratasi ya ukoo, ila baba na mama yake nawafahamu, wote walinzi wazuri.

Jirani ana dume mkubwa wa aina hiyohiyo na anataka tuwapandishe joto lijalo. Malipo yake ni mtoto mmoja, yeye wa kwanza kuchagua. Daktari wa mifugo wa hapa mtaani ananiambia nimfunge kizazi wiki ijayo niachane na usumbufu. Ukuta wa mbele wa nyumba uko sawa, wa nyuma ni mfupi, na akiwa kwenye joto mbwa koko wanalala pale nje usiku kucha.

Maswali yangu: ni kweli lazima azae walau mara moja ndipo afungwe? Akifungwa ataendelea kulinda? Na nikiamua kumzalisha, nianzie wapi ili nisiharibu?

---

Stetoskopu (Morogoro)

Mkuu, la haraka kwanza: wiki ijayo usimpeleke kupasuliwa.

Wiki mbili baada ya joto, mwili wa jike umejaa projesteroni (homoni ya mimba), awe na mimba asiwe nayo. Ukimfunga kizazi, yaani kumwondoa ovari (vifuko vya mayai), wakati huo homoni hiyo inaanguka ghafla, prolaktini (homoni ya maziwa) inapanda, na baadhi yao wanaingia kwenye mimba ya uongo: chuchu zinajaa maziwa, anachimba, anabeba kiatu pembeni na kukilinda kama mtoto. Ikianza baada ya upasuaji inaweza kung'ang'ania kwa miezi. Kumpasua ndani ya joto lenyewe nako si kuzuri, maana mishipa ya kizazi imevimba damu. Muda mzuri ni miezi miwili na nusu hadi mitatu na nusu baada ya joto kukatika. Siku ya upasuaji daktari azikague chuchu. Zikiwa na maziwa, aahirishe.

Kuhusu kuzaa mara moja kwanza: hakuna faida yoyote ya kiafya inayojulikana. Kuzaa hakumkingi na usaha wa kizazi kiasi cha kukutuliza, wala na uvimbe wa matiti. Na ulinzi wa jike hautoki kwenye ovari. Unatokana na ukoo wake, alivyolelewa kati ya wiki ya 3 na ya 14, na mafunzo. Kinachobadilika baada ya kufungwa ni uzito: mahitaji ya chakula yanashuka, kwa hiyo punguza kama robo ya kiasi anachokula sasa, umpime kila mwezi. Mbwa mzembe baada ya upasuaji mara nyingi ni mbwa aliyenenepa.

Sasa mizani yenyewe. Upande wa kumfunga, tatizo kubwa linalozuilika ni usaha kwenye kizazi. Takwimu za bima za Sweden, ambako majike wengi hawafungwi, zinaonyesha karibu robo ya majike wanaupata kabla ya kufika miaka 10. Unakuja wiki 2 hadi 8 hivi baada ya joto: anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana, hali, anatapika, anatokwa na uchafu wenye harufu. Shingo ya kizazi ikiwa imefungwa hutaona uchafu wowote, tumbo linajaa tu, na huyo ndiye anayekufa haraka. Jike yeyote asiyefungwa akianza kunywa maji hovyo mwezi mmoja baada ya joto, apigwe ultrasaundi siku hiyohiyo.

Uvimbe wa matiti unatajwa sana. Utafiti wa mwaka 1969 ulisema anayefungwa kabla ya joto la kwanza anabaki na hatari ya asilimia 0.5 ukilinganisha na asiyefungwa, baada ya joto la kwanza asilimia 8, baada ya la pili asilimia 26. Namba hizo zimerudiwa kila mahali, lakini mapitio ya mwaka 2012 yaliona ushahidi wake ni dhaifu. Usizitumie kukimbiza uamuzi. Isitoshe, jike wako ameshapita joto la pili.

Upande wa kusubiri, German Shepherd wana jambo lao. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa kumbukumbu za aina hii. Majike ambao hawakufungwa waliopata ugonjwa wa viungo walikuwa asilimia 5. Waliofungwa kabla ya mwaka mmoja, asilimia 16. Wengi walikatika kano ya goti. Kuvuja mkojo hakukuonekana kwa wasiofungwa, ila asilimia 7 ya waliofungwa kabla ya mwaka walivuja. Sababu inaeleweka: homoni za uzazi ndizo zinazofunga ncha za mifupa. Ukiziondoa mapema mifupa mirefu inaendelea kurefuka na pembe ya goti inabadilika. Watafiti haohao mwaka 2020 walishauri German Shepherd wasubiri hadi wavuke miaka miwili.

Kwa hesabu hiyo kalenda yako inakaa hivi. Joto lijalo litakuja akiwa na miezi 22 au 23. Lipite bila kupandwa. Akifika kama miezi 25 anakuwa katika muda mzuri wa upasuaji, na pia ana umri wa kupigwa eksirei ya nyonga inayokubalika kwa ukaguzi wa Marekani, ambao hautoi cheti cha kudumu kabla ya miezi 24. Eksirei hiyo kwa kawaida hupigwa mbwa akiwa amelala usingizi. Basi mpange siku moja: alazwe, picha ipigwe, isomwe palepale. Nyonga zikiwa mbovu, anafungwa kizazi kwenye usingizi uleule. Zikiwa nzuri, unarudi naye nyumbani ukiwa na sababu ya kweli ya kuendelea kufikiria kuzalisha.

---

Mtetezi_wa_Mbwa (Tanga)

Stetoskopu, sikubaliani nawe kwenye kusubiri mpaka miezi 25, na sababu ni ule ukuta mfupi wa nyuma.

Tafiti za viungo zinafaa kwa nyumba ambayo jike anaweza kufungiwa kikweli. Hapa tuna dume kumi nje usiku. Dume mwenye nia anapanda ukuta wa mita moja na nusu, anachimba chini ya geti, anampanda jike kupitia matundu ya wavu. Akishapandwa na mbwa koko hatari si watoto wasiouzika tu. Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, upo sana kwa mbwa wanaozurura ukanda wetu: unaota ukeni kama koliflawa na kutoa damu miezi mingi baadaye, na tiba yake ni sindano za vinkristini kila wiki, kwa kawaida 4 hadi 6, kwa daktari anayejua kuishika dawa hiyo. Kuna na majeraha ya kugombaniwa, na kichaa cha mbwa kinaletwa na hayohayo meno.

Kwa hiyo njia ya tatu: afungwe miezi mitatu kuanzia sasa, akiwa na miezi 19. Ncha za mifupa kwa kawaida zimeshafunga kwa umri huo, na ile tofauti kubwa ya asilimia 5 kwa 16 ni ya waliofungwa kabla ya miezi 12.

Nikumbushe pia kwamba mbwa wasio na mwenyewe wanaanzia kwenye watoto wa mbwa wenye mwenyewe. Anayechukua mtoto wa bure kwa jirani mara nyingi hana hela ya chanjo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania inamtaka mwenye mnyama amtunze, na watoto 8 waliozaliwa nyuma ya banda lako ni wako mpaka wote wapate kwao.

---

Stetoskopu (Morogoro)

Mtetezi, hapo umenishika vizuri. Kama ukuta haujengwi kabla ya miezi mitano ijayo, miezi 19 ni bora kuliko kubahatisha. Kibo, uamuzi wa kwanza kwako ni wa fundi ujenzi.

Ukiamua kusubiri, kinga ya joto ni hii: tangu tone la kwanza la damu hesabu siku 28 za kufungiwa. Siku 9 hivi za mwanzo anavutia madume lakini anawakataa. Siku 9 hivi zinazofuata anakubali, na hapo damu inapauka au inakatika kabisa, watu wanadhani joto limeisha. Chumba chenye paa na milango miwili, siyo mnyororo uani. Mnyororo unamzuia yeye kukimbia, haumzuii dume kufika. Kaka yake na baba yake nao ni madume, usiwaamini kwa undugu.

---

Limuru_GSD (Kiambu)

Habari zenu. Niongee upande wa kuzalisha, kwa sababu Kibo ameuliza aanzie wapi na wengi huanzia kwa dume.

Unaanza na sababu. "Ni mzuri na ni mlinzi" inawafaa majike karibu wote, kwa hiyo haichagui. Sababu inayosimama ni kwamba jike huyu ana kitu kilichothibitishwa ambacho watoto watakirithi, na wapo watu waliokwisha kutaka watoto hao kabla ya kupandisha. Andika majina ya wanunuzi wasiopungua sita walioweka rubuni. Ukishindwa kuyapata sasa, wiki ya nane yenye watoto wanane wanaokula haitakuletea.

Halafu vipimo. Kwa aina hii nyonga ndiyo ya kwanza. Eksirei ipigwe mbwa akiwa amelala chali, miguu ya nyuma imenyooshwa sambamba, magoti yamegeuzwa ndani, nyonga haijapinda upande hata kidogo. Ikipinda, kiungo cha upande mmoja kitaonekana kibovu kuliko kilivyo. Jina la mbwa, namba ya chipu na tarehe viingie kwenye picha yenyewe, siyo kubandikwa karatasi. Isipigwe akiwa karibu na joto, viungo hulegea. Mfumo wa FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa) husoma A hadi E. A na B ndizo za kuzalishia, C ni ya kuacha isipokuwa mbwa huyo ana kitu adimu sana. Viwiko vipigwe siku hiyohiyo.

Mbwa anayekimbia vizuri anaweza kuwa na nyonga za daraja D. Misuli ya ujana huficha. Ndiyo maana "wazazi wake walikuwa wazima" bila picha haitoshi.

Kisha kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapooza nyuma kuanzia miaka 8 hivi, jeni la SOD1. Ni usufi unaosuguliwa ndani ya shavu dakika moja, mbwa asiwe amekula, unakaushwa na kutumwa kwa posta kwenye maabara ya nje. Majibu ni ya aina tatu. Aliye safi anaweza kupandishwa na yeyote. Mwenye nakala moja ya jeni bovu apandishwe na aliye safi tu: nusu ya watoto watabeba, hakuna atakayekuwa na nakala mbili. Wenye nakala moja wakipandana, robo ya watoto kwa wastani watapata mbili. German Shepherd pia hupata kongosho isiyotoa vimeng'enya, wanakonda huku wanakula sana na kinyesi ni kingi na chenye mafuta. Jike au dume mwenye hiyo asizalishwe.

Dume la jirani lipitie hayohayo, na ongeza ukoo. Mkiwa mtaa mmoja na hamna makaratasi, uwezekano kwamba mbwa hawa ni ndugu ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wakizaa, watoto wana kiwango cha undugu cha asilimia 25. Wa mzazi mmoja tu, asilimia 12.5. Watoto hupungua kwa idadi na uzito, na magonjwa yaliyojificha yanatokeza. Kipimo cha vinasaba cha aina ya mbwa kinaweza pia kuonyesha undugu kama wote wawili wamepimwa maabara moja.

Tabia ipimwe bila huruma. Jike anayejificha mgeni akiingia au anayeng'ata kwa woga hafai, hata awe na nyonga za A. Watoto hurithi woga na pia wanajifunza kwa mama yao wiki zile za kwanza.

Kama yote yamepita, umri: joto la tatu au la nne, miaka miwili imetimia, na uzao wa kwanza usichelewe kupita miaka mitano. Uzao mmoja kwa miezi 12. Kenya, East African Kennel Club ndiyo inayoandikisha ukoo; mbwa asiye na makaratasi watoto wake hawataandikishwa, na bei ifuate ukweli huo.

---

Kibo_Njiro (Arusha)

Asanteni sana. Limuru, siku ya kupandisha inajulikanaje? Jirani anasema siku ya 11 na ya 13 haikosi. Na gharama zikoje kwa jumla?

---

Limuru_GSD (Kiambu)

Siku ya 11 inakosa sana. Kuna majike wanaoachia mayai siku ya 7 na wengine siku ya 20, na dume asiyefanikiwa analaumiwa bure. Pima projesteroni ya damu kuanzia siku ya 6, kila baada ya siku mbili. Ikifika nanogramu 2 kwa mililita, homoni ya kuachia mayai imepanda. Ikifika kama 5, mayai yameachiwa. Lakini mayai ya mbwa yanatoka machanga, yanahitaji siku mbili kukomaa. Basi pandisha siku ya pili na ya nne baada ya kuachiwa. Hakikisha maabara inasema namba inatumia kipimo gani, nanogramu au nanomoli: nanogramu 1 kwa mililita ni nanomoli 3.18 kwa lita, na kuchanganya hizi kumewakosesha watu joto zima.

Wakinasana, dakika 5 hadi 30 au zaidi, washikwe watulie. Usiwavute wala kuwamwagia maji, utamuumiza dume. Kabla ya hapo wote wapimwe bruselosi (ugonjwa wa kutupa mimba), chanjo za jike ziwe zimekamilika kabla ya joto, wala siyo akiwa na mimba.

Mimba ni siku 63 toka mayai yalipoachiwa. Ultrasaundi siku ya 28 inathibitisha. Eksirei baada ya siku ya 55 inahesabu mafuvu, ili usiku wa kuzaa ujue wamebaki wangapi. Chakula usikiongeze mwezi wa kwanza. Wiki tatu za mwisho panda taratibu hadi nusu zaidi, kwa chakula cha watoto wa mbwa, milo midogo mingi. Vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ni kosa: mwili unazoea kupewa na unasahau kuichota kutoka kwenye mifupa, halafu wiki ya pili au ya tatu ya kunyonyesha anaanza kuhema, kutetemeka, kukakamaa na degedege. Hiyo ni dharura ya kalsiamu ya mshipani, itolewe polepole na daktari huku anasikiliza moyo.

Sanduku la kuzalia kwa aina hii ni sentimita 120 kwa 120, na fito ya ndani pande zote, juu kama sentimita 10 na mbali na ukuta sentimita 10, ili mama akijiegemeza asimbane mtoto. Kuanzia siku ya 58 mpime joto la mwili mara mbili kwa siku. Kawaida ni 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2, uchungu uko ndani ya saa 24.

Piga simu kwa daktari, usiku au mchana, ukiona kimoja cha hivi: anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, zimepita saa mbili kati ya mtoto na mtoto na unajua wengine wamo, majimaji ya kijani yanatoka kabla ya mtoto wa kwanza, joto lilishuka jana na leo kimya. Oksitosini (sindano ya kuongeza uchungu) isichomwe nyumbani. Mtoto akiwa amekaa vibaya njiani, sindano hiyo inabana kizazi dhidi ya kizuizi na kinaweza kupasuka.

---

Hesabu_Kwanza (Dodoma)

Gharama nitaweka kwa vitu, bei uweke za Arusha mwenyewe. Nachukua watoto 8.

Kabla ya mimba: eksirei ya nyonga na viwiko pamoja na dawa ya usingizi, kipimo cha SOD1, projesteroni mara 3 hadi 5, bruselosi. Katika mimba: ultrasaundi 1, eksirei 1. Watoto: dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, maana minyoo inapita kwa mama hata wakiwa tumboni, hiyo ni dozi 32, na mama naye apewe kila zamu. Chanjo ya pavo na distempa (magonjwa ya virusi) ya kwanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ya pili wiki 3 baadaye: dozi 16 kama unawatoa wiki ya 9 au ya 10. Ya kichaa cha mbwa inasubiri miezi 3, iandike kwenye kadi ya mnunuzi. Chakula cha watoto toka wiki ya 4 hadi ya 8, kwa wastani gramu 200 kavu kila mmoja kwa siku, ni karibu kilo 45. Mama anayenyonyesha wanane anafika mara tatu ya chakula chake wiki ya tatu na ya nne.

Kisha weka pembeni fedha ya upasuaji wa kuzalisha usiku, taslimu, na usiiguse. Huwezi kuijua siku hiyo kama utaihitaji. Ondoa mtoto mmoja wa jirani. Ondoa mmoja au wawili wanaoweza kufa, hata kwa matunzo mazuri. Pavo ikiingia kwenye sanduku, unaweza kuondoa zaidi ya nusu. Kinachobaki ndicho cha kuuza.

Mizani ya jikoni ya gramu ni lazima. Mtoto apimwe kila siku saa ileile kwa wiki mbili. Asiyeongezeka kwa siku moja, mpe nafasi ya chuchu za nyuma zenye maziwa mengi. Anayepungua siku ya pili anahitaji daktari, na kwanza hakikisha hana baridi. Mtoto wa wiki ya kwanza hawezi kujitengenezea joto. Sehemu yake iwe nyuzi 29 hadi 32, na Arusha mwezi wa saba hiyo haipatikani bila taa ya joto. Usimpe maziwa mtoto aliyepoa, hayasagiki. Mpashe moto kwanza, polepole.

---

Kibo_Njiro (Arusha)

Nimeelewa. Kwa hesabu hizi bila vipimo sipandishi, jirani nitamwambia. Ukuta wa nyuma sina uhakika utakamilika kabla ya joto lijalo, kwa hiyo naelekea kwenye miezi 19. Maswali mawili ya mwisho: kuna mtu kanishauri nimchome ile sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama ya miezi mitatu badala ya kupasua. Na siku ya upasuaji nimuulize nini daktari?

---

Stetoskopu (Morogoro)

Sindano hiyo hapana. Ni homoni ya jamii ya projesteroni, na kwa mbwa inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na kufungua njia ya usaha uleule tunaoukwepa. Inaongeza pia uvimbe wa matiti na kisukari. Imewaua majike wengi waliokuwa wazima.

Kwa daktari, anza na damu. Kwetu huku kupe ndio wanaoharibu upasuaji. Mbwa mwenye erlikia (homa ya kupe) anaweza kuonekana mzima kabisa huku chembe za kugandisha damu zimeshuka, na akikatwa damu haigandi. Omba hesabu kamili ya damu wiki moja kabla, na slaidi iangaliwe. Chembe hizo zikiwa chini, atibiwe homa ya kupe kwanza, kwa kawaida doksisaiklini wiki nne, apimwe tena.

Muulize: atawekewa kanula (mrija mdogo wa mshipani) na dripu? Kuna bomba la hewa na oksijeni? Nani anaangalia mapigo na pumzi wakati yeye anashona? Ganzi na dawa ya maumivu zitaanza kabla ya kukata? Anayetegemea dawa za usingizi za zailazini na ketamini peke yake, bila kanula na bila mtu wa kumwangalia mbwa, mwache. Hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) hapa Morogoro na kliniki ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi zipo kwa walio karibu; Arusha uliza anayepasua mbwa kila wiki, siyo ng'ombe peke yake.

Mwambie aziondoe ovari zote mbili nzima. Kipande kikibaki, jike anarudi kwenye joto miezi au miaka baadaye. Kidonda kwa mbwa wa kilo 28 kina urefu wa kama sentimita 6 hadi 10, kuanzia chini ya kitovu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo asile kuanzia saa nne. Maji aachiwe mpaka asubuhi. Akirudi nyumbani, saa 24 za kwanza angalia ufizi kila baada ya saa mbili tatu. Uwe wa waridi. Ukibonyeza na kuachia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi ukipauka, tumbo likajaa na akawa mlegevu na baridi, fundo la mshipa limelegea ndani. Mrudishe mezani wakati huohuo.

Maumivu: meloksikamu miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha miligramu 0.1 kwa kilo kila siku kwa siku 3 hadi 5, baada ya chakula. Kwa kilo 28 ni miligramu 5.6 siku ya kwanza, 2.8 zinazofuata. Diklofenaki, ibuprofeni na panadol za nyumbani usimpe. Mbili za mwanzo zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa.

Kola ya plastiki shingoni siku zote mpaka nyuzi zitoke, siku ya 10 hadi ya 14. Mbwa anaweza kuzing'oa zote kwa dakika tano. Matembezi ya kamba tu, asiruke, asioge. Uvimbe mgumu mdogo juu ya mshono siku ya nne au ya tano mara nyingi ni mwili unapambana na uzi, unapungua wenyewe. Uvimbe laini unaorudi ndani ukiubonyeza, au majimaji ya damu yanayozidi kutoka baada ya siku ya pili, huo ni msuli wa ndani umeachia. Mfunge kitambaa safi tumboni na umpeleke siku hiyohiyo.

Kwa tarehe zako, joto likiwa limekatika wiki mbili zilizopita, weka damu wiki ya 11 na upasuaji wiki ya 12 tangu lilipokatika. Kabla ya hapo, wiki ya 6 hadi ya 9, mwangalie kama anaingia mimba ya uongo. Akitoa maziwa usimkamue, maana kukamua kunaongeza. Punguza chakula kidogo kwa siku chache, ondoa vitu anavyovilea, mtembeze zaidi. Yasipokauka baada ya wiki tatu daktari anaweza kumpa kabagolini (dawa ya kukausha maziwa), na upasuaji usogee mbele mpaka wiki nne ziishe tangu tone la mwisho la maziwa.